Ukimya Mkuu na Mbuzi wa Mjane

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzuri kupita kiasi. Mwalimu Mkuu alinisimamisha kwenye korido, mbele ya watu, akasema binti yangu ndiye aliyechaguliwa kuzungumza Siku ya Fasihi, Jumamosi hii. Mada: taswira na ishara katika riwaya ya lazima. Wazazi watakuwepo. Mkaguzi wa elimu atakuwepo. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba mtoto amejitahidi mwenyewe. Uongo mtupu. Kila atakachosema kimetoka kichwani mwangu na korido nzima inajua. Nikavimba.

Maana katika shule hii ishara ni mimi. Wanafunzi wananiita Bwana Ishara. Wanadhani sijui. Nimeifundisha riwaya hii tangu nilipoajiriwa, kwa nakala yangu ileile, na kila aliyepita mikononi mwangu anajua habari za mjane anayetembea na mwavuli wa kijani alioachiwa na marehemu mumewe. Mvua inyeshe, isinyeshe, anao. Mpaka anapofika kwenye banda nyuma ya nyumba. Hapo ndipo pana uchawi. Ukurasa unaisha hivi: "Akafungua mlango wa banda, akaona". Basi. Ukurasa unaofuata unaanza: "na mvua ikamlowesha mpaka mifupani." Mwavuli hauonekani tena. Hakuna maelezo! Mimi ndiye niliyepaita mahali hapo Ukimya Mkuu. Mwandishi ameivunja sentensi kama moyo wa mjane ulivyovunjika. Mwavuli uliotoweka ni ndoa, au mila, au taifa, kutegemea swali lina alama ngapi.

Baada ya chai, sanduku la nakala mpya likafika maktabani. Nikachukua moja ninuse karatasi. Nikatafuta Ukimya Mkuu, niuone umechapwa upya.

"Akafungua mlango wa banda, akaona mbuzi."

Mbuzi!

Nikasoma nimesimama. Mbuzi ameula mwavuli. Kitambaa chote. Vimebaki vyuma, na kijipande cha kijani kinaning'inia mdomoni mwake. Mjane anamtazama mbuzi, mbuzi anamtazama mjane. Halafu mjane anaanza kucheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Anacheka mpaka anakaa chini kwenye majani makavu. Anamsimulia mbuzi habari za marehemu, na si nzuri zote. Kurasa kumi na sita! Nakala yangu haina hata moja. Gundi ya kiwandani iliziruka. Namba za kurasa nazo zinaruka, wazi kabisa, kwenye kona. Sikuwahi kuziangalia. Mimi ni mtu wa fasihi, namba ni kazi ya mwalimu wa hesabu.

Na kwa nini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia? Kwa sababu wanasoma notisi zangu. Riwaya hawaisomi. Nimewalea hivyo mwenyewe.

Masikio yalikuwa yanawaka. Nikakirudisha kitabu kwenye rafu polepole. Hapohapo akaingia Miwani, mwalimu mpya wa fasihi, tunayemwita hivyo kwa sababu miwani yake hukaa kwenye paji la uso siku nzima akiitafuta. Akabeba rundo la nakala. Akaniambia kwa furaha kwamba darasa lake litaisoma riwaya yote kabla ya Jumamosi, ili wawe na maswali mazuri ya kumwuliza binti yangu.

Nikasema vizuri sana. Sauti ilitoka nyembamba.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kumbadilishia binti mada. Rahisi. Aache mwavuli, azungumzie kisima.

Nilimkuta sebuleni anafanya mazoezi mbele ya kabati la vyombo, akijitazama kwenye kioo chake. Ameshakariri yote. Alipofika kwenye Ukimya Mkuu alishusha sauti, akanyamaza, akahesabu moyoni, akainua kichwa. Mama yake aliacha cherehani akapiga makofi. Mke wangu ni mshonaji, hasikilizi fasihi, lakini alipiga makofi.

Nikaanza kusifu kisima. Nikasema kisima kina kina. Binti akacheka, akasema kisima kila mtu atakisema, mwavuli ni wetu. Alisema wetu. Akakumbusha jinsi alivyokuwa anakaa chini ya meza yangu nikisahihisha, anauliza hiki kinamaanisha nini, na kile je, na mimi nilikuwa na jibu kila mara. Akasema hajawahi kusoma nakala nyingine yoyote ila yangu, kwa sababu yangu ina maelezo yangu ya penseli pembeni.

Ningeweza kusema pale pale. Mwanangu, kuna mbuzi. Maneno matatu tu. Yalifika kwenye meno yakarudi.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mkaguzi simjali. Mwalimu Mkuu simjali sana. Ninachoogopa ni macho ya mtoto huyu siku atakapojua kwamba sikuwa na jibu, nilikuwa na kitabu kibovu. Akipanda jukwaani bila kujua ataaibika mbele ya watu wote. Nikimwambia, nitaaibika mimi mbele yake. Mtu mzima angejua achague lipi. Nikaenda kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya. Kama kurasa hazipo, mbuzi hayupo.

Niliingia maktabani wakati wa gwaride la asubuhi, wembe mfukoni. Nakala tatu ziko kwenye rafu. Nikakata. Kazi ilikuwa safi, huo ndio ukweli. Kurasa nikazisukuma ndani ya shati, tumboni. Nilipogeuka, mtunza maktaba alikuwa nyuma yangu. Viatu vya mama yule havitoi sauti hata kidogo. Akauliza mbona nimejishika tumbo. Nikasema linauma.

Mungu ampe maisha marefu, ni mtu mwema kupita kiasi. Alinikalisha. Alinichemshia maji. Alinisimulia historia ya tumbo lake tangu usichana. Kila nilipovuta pumzi, karatasi zilikwaruza. Akatega sikio, akasema kwa huruma kwamba hata lake huwa linanguruma hivyohivyo. Kijasho chembamba kilinitoka.

Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, nakala nyingine ziko wapi. Akasema Miwani amezichukua zote kwa ajili ya darasa lake. Zilibaki tatu tu, za darasa langu.

Za darasa langu! Yaani nimekata vitabu vya wanafunzi wangu mwenyewe. Wa Miwani wana mbuzi mzima mzima, wangu hawana hata kwato.

Nimezihamishia kurasa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nilitaka kuzichoma nikashindwa. Mwalimu wa fasihi hachomi kitabu. Kukichana, naona, anaweza. Sijawahi kujichukia nikiwa nimevaa vizuri namna hii.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipita mlangoni kwa darasa la Miwani nikasimama, eti nafunga mkoba. Anafundisha ishara. Sikiliza anavyofundisha! Anawaambia wasikimbilie maana. Kwanza waulize mwavuli unafanya kazi gani. Unazuia mvua. Nani anaushika? Anaushika vipi siku ya kwanza, vipi siku ambayo hakuna mvua, na mara ya tatu umebadilika nini? Kitu kikirudi mara kwa mara mikononi mwa mtu anayeumia, anasema, kinaanza kubeba uzito wake, na hapo ndipo kinakuwa ishara. Hakizaliwi ishara. Sasa mbuzi amekula kile alichokuwa amekishikilia mjane, kwa nini anacheka?

Darasa likalipuka. Mmoja anasema ni uchungu. Mwingine anasema ni uhuru, mume alikuwa mkali, soma tena. Mmoja amesimama juu ya kiti. Darasani kwangu hakuna aliyewahi kusimama juu ya kiti. Kwangu wananakili. Nilisikia aibu nzito, halafu hasira, na nikaifuata hasira kwa sababu ilikuwa nyepesi.

Nikamsubiri nje. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: darasa zuri, vijana hodari. Kisha nikashusha sauti. Nikamwambia kwamba wasomi wachache tunajua siri: mbuzi hakuwemo katika toleo la kwanza. Aliongezwa baadaye na wachapishaji, ili kitabu kinenepe. Mwandishi alilia.

Niliona amekaza macho, nikadhani nimempata. Akateremsha miwani kutoka kwenye paji la uso, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaniuliza nimeyasoma wapi. Nikasema kwa mhadhiri wangu mmoja. Akauliza jina. Nikasema ni marehemu. Akanipa pole. Kisha akasema hili ni jambo kubwa mno, lazima nilitangaze mwenyewe Jumamosi mbele ya mkaguzi, ataniombea nafasi.

Nikasema hapana, hapana, utafiti bado mbichi. Akasema basi atawaandikia wachapishaji wathibitishe. Akaniambia ananiheshimu sana. Sijui kwa nini aliona ni lazima alitaje hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilikata shauri kusema. Kweli kabisa. Nilimchukua binti tukatembee mpaka dukani, baba na mtoto. Nimejiandaa njia nzima.

Lakini ukweli ukiusema mkavu unakwaruza, nami ni mtu wa lugha. Nikaanza kwa taswira. Nikamwambia kwamba katika maisha kuna wakati unagundua kurasa zimekosekana. Kwamba kitu ulichodhani kimetulia, kumbe kilikuwa kinaliwa taratibu gizani. Kwamba aliyekuwa amekushikia mwavuli anaweza kukosa mwavuli. Nikamwambia asimlaumu mtu yeyote.

Alisimama katikati ya njia. Machozi! Akauliza kama mimi na mama yake tunaachana.

Nikasema hapana! Akauliza basi nani ameliwa. Nikasema ni taswira. Akasema watu wanaoachana ndivyo wanavyosemaga. Alikimbilia nyumbani, nami nyuma yake nikihema. Nilipofika mama yake alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, anataka kujua huyo mwanamke ni nani.

Ilichukua jioni nzima. Niliapa. Niliosha vyombo. Nikasema nilikuwa najaribu tu kumpa mtoto moyo kabla ya kesho. Mke wangu akasema nikimpa moyo tena namna hiyo atamwita daktari. Binti akafuta uso, akanikumbatia, akasema niliwatisha bure. Akaniomba radhi! Yeye, mimi!

Ilikuwa nafasi ya mwisho. Nikasema nenda kalale, kesho siku kubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mlango umefungwa.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi mstari wa mbele, Mwalimu Mkuu kando yake, kisha mimi, kisha mke wangu na gauni jipya aliloshona mwenyewe. Kurasa ziko mfukoni, kwenye moyo. Sikuwa na sababu ya kuzibeba, ila niliogopa kuziacha nyumbani.

Binti alizungumza vizuri. Tena vizuri kuliko mimi. Alieleza taswira ya vumbi mlangoni, ya viatu vya marehemu vinavyoendelea kupigwa rangi, nikaona kwamba haya hakuyatoa kwangu, ameyaona yeye. Akafika kwenye mwavuli. Akashusha sauti. Akanyamaza. Ukimya Mkuu. Watu wazima waliacha kukohoa.

Maswali. Msichana mmoja wa darasa la Miwani akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote, nilimwona, alikuwa anataka tu kujua. Akasema asante, amependa sana, ila anauliza: mbuzi je?

Binti akauliza mbuzi gani.

Kicheko kidogo. Kisha kikubwa. Msichana akafungua nakala yake akasoma kwa sauti. "Akaona mbuzi." Ukumbi mzima ulicheka, hata mkaguzi, kwa sababu mahali hapo panachekesha, mwandishi alikusudia. Binti yangu alisimama pale juu mikono imekufa. Akanitafuta kwa macho.

Nilipaswa kusimama. Si jambo gumu. Magoti yanafanya kazi. Kusimama, kutoa kurasa mfukoni, kusema kosa ni langu, nilijua tangu Jumatatu. Kila mtu angenicheka mimi na yeye angekuwa salama.

Niliinama kufunga kamba za viatu.

Viatu vyangu havina kamba. Nilikaa huko chini nikishika vidole vya miguu yangu, nikisikiliza. Nikaisikia sauti yake ikisema kwamba nakala aliyoisoma ilikuwa na kurasa pungufu, na hakujiuliza, na kosa ni lake. Lake! Kisha ikasema kwamba kama mbuzi ameula basi alikosea yote, kwa sababu yeye alidhani mjane amepoteza kitu, na kumbe huenda amepumzishwa mzigo, na angeomba aende akasome tena. Watu wakapiga makofi, ya kumhurumia kwanza, halafu ya kweli.

Tuzo ilikwenda kwa mwingine. Nilipoinuka, Miwani alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Hakusema kitu kwa mtu yeyote. Ningependa angesema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu aliuliza nilipoteza nini chini ya kiti.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alikuwa anakung'uta koti langu kabla ya kulifua. Akazitoa kurasa, seti tatu, zilizojikunja kwa jasho. Hakuniita. Alizinyoosha mezani, moja juu ya nyingine. Binti akapita, akaona, akakaa, akasoma.

Nilimsikia akicheka mahali pa mbuzi. Nilifurahi! Nikadhani yameisha, nikatoka chumbani. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kingo za karatasi. Zimenyooka. Gundi haikosei hivyo, huo ni wembe. Akauliza kwa utulivu nilizikata lini. Nikasema Jumatano. Akahesabu kimya. Kisha akaingia chumbani kwake. Hakuubamiza mlango. Ningejua la kufanya kama angeubamiza.

Mke wangu hakumung'unya maneno. Akasema kukosea kitabu si neno, hata yeye amewahi kushona suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Lakini nilijua siku zote hizo, nikamwacha mtoto apande pale, halafu nikajificha chini ya kiti. Akasema niende nikagonge mlango niseme samahani. Neno moja. Akasema hata mimi naliweza.

Nimekaa nalifikiria tangu mchana. Aibu imenikaa kifuani. Nampenda mtoto yule kuliko kitu chochote, na nimemuuza kwa bei ya kuinama. Mke wangu ana haki. Nimefika mpaka mlangoni pake mara kadhaa, mkono juu.

Lakini samahani! Samahani ni neno la mtu aliyekukanyaga mguu kwenye foleni. Haliwezi kubeba jambo zito hivi. Kosa la kifasihi linataka toba ya kifasihi. Nimepata.

Jumatatu, 10 Machi

Niliamka kabla yao. Nikachemsha yai. Nikalimenya kwa uangalifu, bila kuligusa kwa kucha. Nikaliweka peke yake katikati ya sahani nyeupe, sahani juu ya meza tupu, mbele ya kiti cha binti. Yai lisilo na ganda: baba asiye na kinga. Weupe: ukweli. Sahani kubwa, yai dogo: udogo wangu. Nililitazama mwenyewe machozi yakanilenga. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Akaja, amevaa sare, macho yamevimba. Akakaa. Akalitazama yai. Akanitazama mimi. Mama yake alisimama kwenye mlango wa jikoni, hasogei.

Binti akaniuliza, taratibu sana, kama kuna kitu nataka kumwambia.

Sikuharibu. Nilitabasamu tu, nikamsogezea sahani.

Alisubiri. Alikaa amenikazia macho muda mrefu, mpaka gari la maziwa likapita nje na kupotea. Kisha akashusha macho, akauliza kama kuna chumvi.

Chumvi! Chumvi ni machozi, msomaji yeyote anajua. Ameelewa yote, amenisamehe, na sikuhitaji kusema hata neno moja.